Ushauri: Buti laini za kwato kwa farasi aliyevuliwa viatu vya chuma, zinafaa kwa hali ya hewa ya Dar?

Mlezi wa Asali

Wakuu, habari za majukumu.

Nahudumia farasi huku Kigamboni, upande wa Mjimwema. Tuna jike mmoja anaitwa Asali, ana miaka 17, ndiye watoto wanajifunzia kupanda. Mpole sana, mtoto mdogo akimshika kamba anamfuata bila kuvutana. Kwa miaka mingi amevaa viatu vya chuma miguu ya mbele, na sasa ukuta wa kwato umechoka. Matundu ya misumari yameachia, na kila fundi akigonga kipande kinabanduka. Wiki chache zilizopita ikakubaliwa avuliwe chuma kwato ziote upya.

Kwenye mchanga anatembea vizuri kabisa. Akifika kwenye njia yetu ya kifusi cha mawe ya matumbawe, anaanza kuchagua pa kukanyaga. Hatua zinakuwa fupi, kichwa kinashuka, mguu anauweka taratibu kama anapapasa. Bandani sakafu ni zege lenye maranda kidogo juu, na asubuhi nikimtoa anakuwa amekakamaa mpaka azunguke uwanja ndipo analegea.

Mwenye farasi yuko tayari kuagiza nje zile buti za kwato zenye soli nene na spongi ndani, lakini ameniambia nichunguze kwanza, na nampenda huyu mnyama, sitaki tubahatishe. Maswali yangu: kwa joto la Dar kwato haitaoza humo ndani? Masika ikija na tope itakuwaje? Anaweza kulala nazo? Na je, watoto wanaweza kumpanda akiwa amezivaa?

Jiwe la Pwani

Mkuu, farasi wa kazi ni chuma tu. Mrudishie viatu vyake, siku mbili tatu utaona anatembea. Hayo mengine ni gharama za bure.

Binti Kunduchi

Jiwe la Pwani, kaka, umesoma kwamba ukuta wa kwato unabanduka? Msumari unashika kwenye ukuta. Ukuta ukiwa umekwisha, unagonga msumari wapi? Ukilazimisha, kiatu kinang'oka na kipande kingine cha kwato. Ukuta wa kwato unaota milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo mbele, kuanzia kwenye nywele hadi chini, ni karibu mwaka mzima. Hapo katikati ndipo buti zinapookoa.

Mlezi, nitarudi jioni niandike vizuri, nimezitumia hizi kwa dume letu huku Kunduchi.

Dkt Mifugo Moro

Mlezi wa Asali, hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na naomba kabla hamjazungumza saizi na bei tujue kwanza kinachomuuma.

Farasi aliyevuliwa chuma kuumia kwenye mawe ni jambo la kawaida. Unyayo wake haujazoea, mara nyingi bado ni mwembamba. Lakini hilo la kukakamaa asubuhi, kwa farasi wa miaka 17, halinipi amani. Fanya hivi. Akiwa ametulia bandani, weka vidole viwili pembeni mwa kifundo kwa nyuma, pale mshipa wa damu unaposhuka kwenda kwenye kwato. Kwato ikiwa salama, mapigo hapo ni hafifu, unayatafuta. Yakikugonga vidoleni waziwazi, ndani kuna uvimbe. Gusa na ukuta wa kwato kwa kiganja, linganisha joto la mguu na mguu, asubuhi kabla jua halijapanda. Mtazame pia anavyosimama: akitanguliza miguu ya mbele na kuegemeza uzito nyuma, au akikataa kugeuka kwenye duara dogo, hilo siyo suala la mawe tena.

Ninachohofia ni laminaitisi. Zile tishu zinazoushikilia mfupa wa mwisho wa mguu kwenye ukuta wa kwato zinavimba na kuanza kuachia, na mfupa unaweza kuzunguka au kushuka. Kwetu huku chanzo kikubwa ni chakula chenye wanga na sukari nyingi: mahindi, pumba kwa debe, molasi. Kwa farasi wazee kuna pia ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo, dalili yake mojawapo ni nywele ndefu zisizopukutika. Ikiwa ni hiyo, buti zitampunguzia maumivu kweli, na madaktari wengi wanazitumia kwa ajili hiyo, lakini ugonjwa utaendelea kula ndani huku nyie mnaona anatembea vizuri.

Ikiwa mguu ni mmoja tu na amechechemea ghafla, fikiria jipu la ndani ya kwato. Hilo linatolewa usaha, halifunikwi na buti likaachwa.

Anakula nini huyo Asali? Na eksirei ya kwato imepigwa?

Mlezi wa Asali

Daktari, ahsante sana. Nimempima jana jioni na leo alfajiri. Mapigo nayatafuta kweli, ni hafifu, miguu yote miwili sawa. Joto hakuna. Anageuka pande zote bila kusita kwenye mchanga. Nywele zake fupi, zinang'aa. Chakula ni majani makavu muda wote, pumba kidogo sana jioni ya kuchanganyia madini, molasi hatumpi. Eksirei ilipigwa wakati fundi alipoitwa kumvua chuma. Mfupa umekaa sawa, ila unyayo ni mwembamba, kama milimita 10.

Dkt Mifugo Moro

Hapo umenipa moyo. Unyayo tungependa usipungue milimita 15. Zege na kifusi ndivyo vinavyomuumiza, na buti laini zina kazi ya maana: zinausambaza uzito kwenye unyayo wote na kwenye ile sehemu laini ya pembetatu ya katikati, badala ya kuuacha kwenye ukuta uliochakaa. Miguu ya mbele inabeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi, ndiyo maana analalamika mbele. Farasi anayekanyaga bila maumivu anatua kwa kisigino, na hivyo ndivyo sehemu ya nyuma ya kwato inavyojengeka. Anayeogopa anatua kwa ncha, na kwato zinazidi kudhoofu.

Endelea kumpima mapigo kila siku hata akishavaa buti. Yakianza kugonga, nipigie au mpigie daktari aliye karibu nawe, usisubiri kesho. Na dawa ya maumivu usimpe kwa kukisia, zinachoma tumbo la farasi.

Mzee wa Punda

Wanangu, mimi nina punda Mbagala, farasi nawaona kwa mbali. Lakini mguu wa mnyama naujua. Wakati unasubiri mzigo wa nje, nenda Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya watoto, nunua zile mati za foma za kuunganisha. Kata kwa umbo la kwato, vipande viwili vitatu kwa unene, funga kwa bandeji halafu solotepu ya kijivu ile ya mafundi. Kwa punda wangu aliyekanyaga kokoto za barabarani ilisaidia sana. Spongi ya godoro usijaribu, mnyama akikanyaga inalala palepale kama hakuna kitu.

Solotepu isipande juu ya nywele. Ikibana pale inakata damu.

Mlezi wa Asali

Shikamoo mzee. Nashukuru mno, kesho naenda Kariakoo.

Mzee wa Punda

Marahaba. Buti za farasi kwa punda hazikai, kwato yake nyembamba na imesimama. Nasema kwa wengine watakaosoma hapa wakaagiza.

Binti Kunduchi

Nimerudi, samahani kwa kuchelewa.

Kwanza mjue kuna buti za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna za tiba na mapumziko, kama Easyboot Cloud na Soft-Ride za Marekani. Hizi zina spongi au jeli nene, ni za bandani, za kutembeatembea uwanjani na za safari ndani ya lori. Siyo za kupandia. Halafu kuna za kupandia, kama Cavallo au Scoot Boot ya Australia, soli ngumu zaidi, zinashika mguu hata farasi akikimbia, na unaweza kuongeza spongi nyembamba ndani. Scoot Boot ina matundu, maji yanatoka. Kwa Asali, kwa hali uliyoeleza, ningeanza na za tiba, na watoto wapumzike kumpanda mpaka atembee kwenye kifusi bila kusita. Baadaye ndiyo mfikirie za kupandia.

Sasa kuhusu joto, hapa ndipo pa kukaza. Kwato yenyewe inavumilia. Kinachoharibu ni unyevu unaofungiwa. Dume letu tulimvisha vizuri tu, wiki ya pili nikainua mguu nikakutana na ile harufu, ukiijua huisahau, na kwenye mfereji wa katikati ya kwato uchafu mweusi kama tope la mtaro. Tangu hapo buti zinavuliwa kila siku bila kukosa. Nachokoa kwato, naikausha kwa kitambaa, buti naiosha na kuianika kivulini, spongi naitoa nje ikauke yenyewe. Ukiweza, nunua spongi za akiba, moja inakauka nyingine inavaliwa. Kabla ya kuvisha, nanyunyiza poda ya mtoto ndani. Mrututu (ile salfeti ya shaba) watu wanausifu, lakini ukizidisha unaunguza nyama hai, muulize daktari kwanza.

Mchanga ndio adui mwingine wa sisi wa pwani. Ukiingia unakaa kati ya ukingo wa buti na zile nyama mbili laini za kisigino, na kila hatua unasugua. Pitisha kidole pale kila unapovua. Nywele zikianza kulala upande mmoja au kukatika, hapo ngozi inafuata. Mimi namvisha soksi ndefu za mtumba, nakata mbele, nakunja juu ya ukingo. Ufukweni usimpeleke na buti za tiba. Mchanga wenyewe ni mlaini, avue.

Siku za mwanzo mvishe kwa muda wa saa moja, kisha mawili, unavua unaangalia. Visha miguu yote miwili ya mbele hata kama mmoja ndio mbovu, maana soli ni nene na mguu mmoja ukiinuka mabega yanakwenda upande.

Dkt Mifugo Moro

Nakubaliana na Binti karibu kwa yote. Kulala nazo, mimi siyo mpenzi sana kwa hewa yetu hii. Kwa mgonjwa wa laminaitisi naruhusu kwa sababu maumivu ni makubwa. Kwa Asali, afadhali usiku umwekee maranda ya kutosha, ya kina, siyo ya kupaka.

Binti Kunduchi

Daktari, kwa heshima, wengine maranda mengi hatuyamudu kila wiki. Dume letu alilala nazo miezi miwili, nikavua asubuhi na jioni, na hakuoza tena. Nadhani kinachoamua ni mkono wa mtunzaji.

Dkt Mifugo Moro

Sawa dada, kwa mtunzaji wa aina yako sina neno. Wengi hawavui.

Fundi Seremala Keko

Maranda njooni Keko, karakana nyingi wanauza kwa gunia, wafuga kuku ndio wateja wakubwa. Muombe ya mbao laini yasiyo na vumbi la msumeno, na uyachambue, misumari midogo huwa inapotelea humo.

Mchuuzi wa Mtandaoni

Kwa upande wa kuagiza: bei ya kwenye tovuti siyo bei ya mlangoni. Weka usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Saizi ikikosewa, kurudisha Marekani au Afrika Kusini kunakula hela yote. Kwa hiyo vipimo viwe sahihi, na mwombe muuzaji akuthibitishie kwa maandishi kabla hujalipa.

Mlezi wa Asali

Nimefunga mati za foma kama mzee alivyoelekeza. Kwenye zege tofauti nimeiona palepale, ameshusha kichwa akapumua, akatembea hadi kwenye maji mwenyewe. Zinachakaa haraka lakini zinasaidia.

Usiku tumekubaliana na mwenye farasi, maranda magunia ya kutosha kutoka Keko, buti za tiba mchana. Sasa vipimo: nimepata upana milimita 124 na urefu milimita 128 mguu wa kulia, kushoto upana 122. Alichongwa kwato wiki tatu zilizopita. Hivyo vinatosha kuagizia?

Binti Kunduchi

Hapana, subiri achongwe tena ndipo upime, siku hiyohiyo au kesho yake. Wiki tatu kwato imeshasogea mbele. Upana pima sehemu pana kuliko zote. Urefu anzia ncha ya mbele hadi pale ukuta wa kisigino unapoishia kukanyaga chini, usihesabu zile nyama za nyuma, wengi wanakosea hapo wanapata buti kubwa inayozunguka mguuni. Mguu asimame wenyewe kwenye karatasi ngumu, uchore mzunguko, kisha weka rula pembeni upige picha kutoka juu na ubavuni. Tuma vyote kwa muuzaji, alinganishe na jedwali la kampuni husika, maana namba za kampuni moja haziendani na za nyingine. Fundi wako anakuja lini?

Mlezi wa Asali

Jumamosi ya wiki ijayo. Nitaweka vipimo vipya hapa kabla ya kulipa chochote.