Nimejifunza kutafuta sababu kwenye data, sasa naogopa hata ripoti zangu. Naombeni ushauri

Kadi_ya_Kliniki

Habari za jioni wakuu.

Niko kwenye mradi wa lishe ya watoto, wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni takwimu: nakusanya kadi za kliniki, naingiza uzito wa watoto, naandika ripoti ya robo mwaka. Kwa miaka mitatu nimeandika sentensi ile ile, kwamba mafunzo ya lishe yameongeza uzito wa watoto. Nalinganisha watoto wa kina mama waliohudhuria na wa wasiohudhuria, tofauti inaonekana, naandika.

Mwaka huu nimeanza kujisomea namna ya kutofautisha kinachosababisha na kinachoambatana tu. Nikachora mishale ya mradi wetu, kipi kinaleta kipi. Mama anayehudhuria ni yule anayeishi karibu na zahanati. Ni yule ambaye mume hamzuii. Ni yule mwenye mbuzi wawili watatu, au mdogo wake wa kumwachia shamba siku ya mafunzo. Mtoto wa mama huyo huenda angenenepa hata tusingefika kijijini kwao! Nikaingiza umbali, elimu ya mama, mifugo na kuharisha kwa mtoto kwenye rigresheni, yaani hesabu inayolinganisha watoto waliofanana kwa vigezo hivyo, tofauti ikakaribia sifuri. Nikitoa kigezo kimoja inarudi. Nikiweka kingine inapotea.

Sijui miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu nini. Bosi anataka ripoti Ijumaa, na anataka sentensi moja: mradi umefanya kazi au haujafanya. Kila nikisoma zaidi ndivyo ninavyozidi kuogopa kuandika, na usiku silali vizuri. Mliopita njia hii, mnafanyaje kazi na shaka ya namna hii?

Ng'ambo_ya_Ziwa

Pole sana mkuu. Hiyo hofu naijua.

Nikupe habari ya ziwa letu hili hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walichukua jamii 12 mkoani Mwanza, wakazipanga jozi 6, na katika kila jozi kura ya bahati nasibu ikaamua ni ipi iboreshewe kwanza matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya. Matokeo yakatoka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Watu wakaona njia imepatikana. Upande wa Uganda, Rakai, wenzao nao walitumia kura, wakagawa dawa za magonjwa ya zinaa kwa jamii nzima kila baada ya miezi 10 hivi. Matokeo ya 1999: VVU haikupungua.

Kote kulikuwa na kura, kwa hiyo huwezi kusema waliopata huduma ndio waliokuwa na mbuzi wengi zaidi. Mwanza huduma ilikuwepo kila siku mtu anapougua. Rakai ilikuja kwa awamu. Mwanza wenye VVU walikuwa kama asilimia 4 ya watu wazima, Rakai kama 16, janga limeshakomaa. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu uzito wa kila sababu. Mimi ubishi ule ndio ulionitoa woga, maana niliona swali la "inafanya kazi au haifanyi" lilikuwa fupi mno tangu mwanzo. Inafanya kazi wapi, ikitolewaje, kwa watu walio katika hali gani? Shaka yako haitaisha, ila itahamia kwenye swali zuri zaidi.

Mama_Takwimu

Mdogo wangu, kabla ya kukata tamaa hebu toa kuharisha kwenye hiyo rigresheni. Mafunzo yenu yanagusa usafi wa maji na kunawa mikono?

Kadi_ya_Kliniki

Ndiyo dada, nusu ya vipindi ni usafi.

Mama_Takwimu

Basi kuharisha hakuko pembeni, kuko katikati ya njia. Mafunzo yanapunguza kuharisha, kuharisha kukipungua mtoto anaongezeka uzito. Ukikishikilia kigezo hicho unaifuta faida ya mradi kwa mkono wako mwenyewe, halafu unashangaa imekwenda wapi. Umbali, elimu na mifugo viache humo humo, hivyo vilikuwepo kabla mama hajahudhuria. Programu haiwezi kukuambia kipi kiko kabla na kipi kiko katikati. Wewe ndiye unayekijua kijiji.

Angalia na watoto walioacha kuja kupimwa. Kama wanyonge ndio wanaoacha, zile kadi ulizo nazo zimeshachujwa.

Fundi_Namba

Kwa maoni yangu tupa hiyo data yote. Bila kura hakuna ushahidi, mtapaka rangi tu.

Mama_Takwimu

Hapo sikubaliani nawe kaka. Hakuna aliyepigia watu kura ili nusu yao wavute sigara, na bado tunajua sigara inaleta saratani ya mapafu. Fisher, mtakwimu mkubwa kabisa, alipinga, akisema huenda kuna asili ya kuzaliwa inayomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Mwaka 1959 mtakwimu mwingine, Cornfield, na wenzake wakajibu kwa hesabu: ikiwa wavutaji wana hatari mara 9, na sababu hiyo iliyofichika ndiyo inayoleta tofauti yote, basi lazima iwe imeenea kwa wavutaji angalau mara 9 kuliko kwa wasiovuta. Hakuna aliyeionyesha.

Kadi, uliza vivyo hivyo: hicho nisichokipima kingelazimika kuwa na nguvu kiasi gani ili kuifuta tofauti yangu? Kama kitu kidogo tu kinatosha, sema hivyo kwenye ripoti. Zile namba mbili za chini na juu ambazo programu inakupa zinapima bahati ya sampuli tu, hili hazijaligusa.

Fundi_Namba

Sawa dada, nimekuelewa. "Tupa" ilikuwa kali. Lakini bado nauliza: kuna kata ambazo mradi haujafika?

Kadi_ya_Kliniki

Zipo 9, tunaanza mwakani, na pesa inatosha nusu yake. Mwanzoni tulichagua kata zilizo karibu na barabara.

Fundi_Namba

Safari hii msichague kwa barabara. Pigeni kura, tena hadharani mbele ya watendaji, wanaokosa waanze mwaka unaofuata. Pesa haitoshi wote kwa vyovyote, hakuna anayedhulumiwa.

Ng'ambo_ya_Ziwa

Kata 9 ni chache. Shukeni kwenye vijiji, mvipange jozi kwa umbali wa zahanati kama walivyopanga Mwanza, na pimeni uzito wa watoto pande zote kabla ya kuanza.

Kadi_ya_Kliniki

Asanteni sana, kweli. Nimetoa kuharisha: tofauti imerudi, ndogo kuliko niliyokuwa naandika zamani. Nimeandika hivi kwa ajili ya Ijumaa: "Watoto wa kina mama waliohudhuria wana uzito zaidi. Sehemu ya tofauti hii huenda ilikuwepo kabla ya mafunzo, na kwa data tuliyonayo hatuwezi kuitenganisha. Tunapendekeza vijiji vya awamu ijayo vipangwe kwa kura." Bosi ameisoma, hajafurahi, ila ameuliza kura yenyewe inapigwaje. Naomba anayejua kuielezea kwa wenyeviti wa vijiji bila waone tunachezea watoto wao anisaidie maneno.