Nimeambiwa "jisikie nyumbani" kwenye njia ya bibi yangu!!!

Wakuu, naandika nimekaa juu ya jiwe hapa Marangu, viatu vimejaa tope, mikono inatetemeka kwa hasira.

Miaka 14 sijakanyaga kijijini. Leo asubuhi nikasema nishuke kwa ile njia ya mtoni, inayokata katikati ya vihamba vya migomba, ua wa masale huku na huku, unavuka mfongo, ule mfereji wa maji, kwenye gogo, unatokea kanisani. Naijua hata gizani. Nimeipita mgongoni kwa bibi, nimeipita na ndoo kichwani, nimeipita nakimbia fimbo.

Nafika kwenye gogo, nakuta geti. Geti! La bati, rangi ya bluu, kufuli kubwa kama kichwa cha ndama. Masale yameng'olewa yote. (Mchagga anayeng'oa masale, siku akikosea ataombea msamaha na nini, jani la mgomba?) Mwenye geti mnamjua, sina haja ya kumtaja. Huyohuyo.

Akatoka kijana wake anatafuna muwa. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akatema makapi, akasema: "Karibu sana Marangu, mgeni. Jisikie nyumbani. Kiingilio elfu tano."

JISIKIE NYUMBANI. Mimi! Kitovu changu kimezikwa hatua hamsini kutoka pale alipotema makapi! Nikamjibu kwa Kichagga. Akacheka, akasema, "Umejifunza vizuri, mgeni."

Mtori Moto: Pole mkuu. Ila weka picha ya geti, tusije tukawa tunanyweshwa chai hapa.

Kijana wa Himo: Ulilipa au hukulipa? Jibu hilo kwanza.

Mleta uzi: Suala si hela! Jisikie nyumbani, ananiambia mimi!

Kijana wa Himo: Amelipa huyu 😂😂

Mama Vifaranga: Miaka 14, hata Krismasi hukuja? Desemba Wachagga wote wako barabarani, wewe ulikuwa umefungwa wapi? Kijana hana kosa. Mgeni lipa.

Mshambaa Mpole: Afadhali wewe umekuta geti. Kwetu Lushoto njia ya kwendea shule wameigeuza ya bodaboda. Juzi dereva mmoja akanipigia honi, "Babu, kaa pembeni." Babu! Nina miaka 38!

Mtaita Halisi: Huku Wundanyi jirani amepanda mahindi katikati ya njia. Ukipita, unaitwa kwa chifu eti umekanyaga shamba.

Mama Vifaranga: @Mshambaa Mpole ndevu unachana lakini?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Alitema makapi, halafu AKASEMA...

Mtori Moto: Tumesikia. Jisikie nyumbani.

Mama Vifaranga: Huyo mwenye geti si ndiye aliyeng'oa kahawa yote akapanda parachichi?

Kijana wa Himo: Ndiye. Hass tupu, mpaka nyuma ya choo.

Mtaita Halisi: Miche anauza?

Mshambaa Mpole: Na mimi nahitaji kama ishirini hivi. Anapatikana saa ngapi hapo getini?