Naomba ushauri: mfumo wa kumbukumbu za makao ya wazee

Habari zenu wakuu. Natengeneza mfumo wa kumbukumbu kwa makao ya wazee, wakazi 38, wahudumu wanapokezana zamu tatu. Hapa mtu anakaa miaka, si siku chache kama wodini, kwa hiyo nataka mabadiliko ya polepole yaonekane: uzito unaoshuka, chakula kinachobaki kwenye sahani.

Fomu ya kwanza niliijaza visanduku vya tiki. Ikanitia aibu. Kuna bibi asiyeweza kujigeuza kitandani, anageuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Nikakuta tiki zake zote za usiku zimewekwa saa 11:52 alfajiri, mfululizo. Siwalaumu, kompyuta iko ofisini, wao wako vyumbani. Nikahamia maandishi huru, sasa naletewa "ameamka vizuri" kila siku, na grafu haichoreki.

Nimejaribu simu pia. Mtandao ukikatika, wahudumu wawili wakirekodi dawa ileile, data zikiungana naona dozi mbili. Ni rekodi imejirudia, au mzee kapewa mara mbili kweli? Kufuta moja kimyakimya naogopa.

Waliowahi kufanya kazi kama hii: rekodi za dawa zinazogongana mnazishughulikiaje, mnaacha zote mbili hadi muuguzi athibitishe au mnazuia tangu mwanzo? Na kwa taarifa za kila zamu, ni vipengele gani mmevifanya vya kuchagua, na vipi mmeviacha vya kuandika?