Nataka kufundisha skii Austria, nianzie wapi?

Kibo_Asubuhi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi mtoto wa Moshi, nimekua naitazama theluji ya Kibo bila kuigusa, na hamu ya kuteleza haijawahi kuniisha. Sasa nipo Dubai, nagawa mabuti na mbao za skii kwenye ukumbi wa theluji pale Mall of the Emirates. Zamu ikiisha nateleza mpaka wafunge. Mteremko ni kama mita 400 tu, ukizubaa umeshafika chini. Nataka kwenda Austria nifundishe. Nina miaka 27, nimechelewa?

Dada_wa_Tirol:
Hujachelewa, mdogo wangu. Mimi mzaliwa wa Nakuru, mama alinileta Tirol, huku Austria, nikiwa darasa la pili, nikavaa skii kabla sijajua Kijerumani. Leo ndiyo inayonilisha.

Ila usidhani kazi ni kushuka milima kwa mbwembwe. Asubuhi unapokea watoto: huyu kapoteza glavu, yule anataka chooni na umeshamfunga suti mpaka kidevuni. Kisha unateleza kinyumenyume mbele yao ukipaza sauti "Pizza! Pizza!" ili wapanue visigino na kukaribisha ncha za mbele za mbao, umbo la kipande cha pizza. Hiyo ndiyo breki yao. Kwa somo hilo mita 400 zako zinatosha kabisa.

Cheti cha kwanza huku ni Anwärter. Kozi ni siku kumi hivi, na utapimwa kuteleza, kufundisha na nadharia. Nadharia mara nyingi ni kwa Kijerumani, kwa hiyo anza na lugha. Ukifaulu utafundisha wanaoanza. Cha juu yake ni Landeslehrer. Na ujue theluji ikiisha Aprili mshahara nao unakwisha. Wenzangu wengine huenda New Zealand, kule msimu ni Juni hadi Oktoba. Mimi huhudumu hotelini.

Mzee_Eldoret:
Kijana, umri usikutishe. Philip Boit wa kwetu alikuwa mkimbiaji, theluji aliiona ukubwani, Finland, 1996. Mwaka 1998 alikuwa Olimpiki ya Nagano! Alimaliza wa mwisho kwenye mbio za skii za kilomita 10, lakini bingwa Bjørn Dæhlie alimngoja mstarini akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Dada_wa_Tirol:
Shikamoo mzee. Boit tunamheshimu sana, lakini yeye alikuwa na mfadhili. Huyu anatafuta mkate, na kikwazo chake ni karatasi. Zile viza za Kanada na New Zealand zinazowaruhusu vijana kufanya kazi kwa muda, paspoti za Tanzania na Kenya hazimo. Mdogo wangu, tafuta shule itakayokubali kukuombea kibali cha kazi, na uwaandikie katikati ya mwaka. Desemba wameshajaa.

Kibo_Asubuhi:
Asante sana dada. Kijerumani naanza wiki hii. Mabuti nije nayo?

Dada_wa_Tirol:
Njoo nayo. Mbao utakodi, lakini buti la kukodi siku nzima litakuua vidole.