Kisauni: wadi na lokesheni ni kitu kimoja?

Mama Sada:
Asalaam aleikum jamani. Binti yangu atafuta kitambulisho, kakake ataka basari. Twakaa Mtopanga, hapa Kisauni, Mombasa. Fomu moja yauliza wadi, nyengine yauliza tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Nimeenda ofisi ya wadi kutaka barua ya kitambulisho, nikaambiwa niende kwa chifu. Jirani naye asema wadi na lokesheni ni mamoja tu. Ni kweli?

Karani Mstaafu:
Waleikum salaam, Mama Sada. Si kweli, na wazazi wengi wanazungushwa kwa ajili ya hilo. Nimefanya kazi ofisi ya DO (afisa wa tarafa) tangu enzi za Mkoa wa Pwani, haya mambo nayajua.

Hapa Mombasa kuna serikali mbili, na kila moja ina ngazi yake. Ya kwanza ni ya kitaifa: kamishna wa kaunti, naibu wake anayesimamia kaunti ndogo, msaidizi wa kamishna (ndiye DO wa zamani, mwenye tarafa), kisha chifu wa lokesheni na naibu chifu wa lokesheni ndogo. Hawa wote wameajiriwa na Nairobi, hawapigiwi kura. Mzee wa mtaa humsaidia chifu.

Ya pili ni ya kaunti: gavana, msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi. Mwakilishi wadi mwamchagua nyinyi wenyewe, naye huketi bunge la kaunti. Wadi ni mipaka ya kura, IEBC, yaani tume ya uchaguzi na mipaka, iliichora upya 2012. Lokesheni ina mipaka yake nyengine. Jina laweza kufanana na ardhi isiwe ile ile.

Kitambulisho ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hivyo barua ni ya chifu. Basari ndiyo yenye mtego. Ya kaunti yapitia wadi. Ya NG-CDF, ule mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, yatoka ofisi ya mfuko huo katika eneo bunge, lakini fomu yake mara nyingi ina nafasi ya sahihi ya chifu! Hapo ndipo watu wachanganyikiwapo. Soma juu ya fomu kwanza, utazame imetoka kwa nani.

Abu wa Miritini:
Mzee, shukran. Lakini nina donge. Eneo bunge la Kisauni lina wadi saba, letu la Jomvu tatu: Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani. Haki iko wapi?

Karani Mstaafu:
Abu, Ibara ya 89 ya Katiba yatanguliza idadi ya watu, kisha jiografia, miji na maslahi ya jamii. Kisauni pana watu wengi, hata baada ya Nyali kumegwa. Jomvu nayo ilimegwa kutoka Changamwe wakati huo huo. Maeneo bunge yote sita ya Mombasa jumla ni wadi 30. Mipaka yafaa kupitiwa kila baada ya miaka minane hadi 12, kwa hivyo IEBC ikiita wananchi watoe maoni, nendeni kwa wingi mkaseme. Hapo ndipo pa kulitoa donge lako.

Mama Sada:
Nimeelewa, Mungu akuweke. Sasa nitajuaje chifu wangu ni yupi?

Karani Mstaafu:
Muulize mzee wa mtaa wako, yeye ndiye amjuaye chifu na naibu chifu wenu. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha binti na nakala ya kitambulisho chako. Ukishapewa barua, jina la lokesheni ndogo linakili kwenye fomu herufi kwa herufi, vile vile alivyoliandika chifu.