Tupeane uzoefu: upweke kwenye riwaya na mashairi yetu, mnaukamataje?

Kurasa_Zilizokunjwa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Mtu anapewa swali la upweke na mahusiano ya watu katika fasihi, anapekua kitabu kizima akitafuta neno "upweke", analikuta mara mbili, anakata tamaa. Waandishi wetu hawalitaji ovyo. Wanauficha mlangoni, kwenye sahani, kwenye salamu isiyoitikiwa. Naomba mbinu, si hadithi za maisha yetu: unatazama nini, na watu huteleza wapi?

Naanza. Shika kalamu za rangi mbili na sura tatu za mwanzo. Mhusika mkuu akisemeshwa, piga mstari wa rangi ya kwanza. Akisema yeye asijibiwe, rangi ya pili. Kisha hesabu. Riwaya nyingi zitajifungua hapo hapo, ila Kichwamaji ya Kezilahabi (1974) itakukatalia. Kazimoto, mhusika mkuu, ana wazazi, ana marafiki, anasemeshwa kutwa. Hapo ongeza rangi ya tatu: mawazo anayompa msomaji na hampi mtu yeyote ndani ya kitabu. Ndiyo maana riwaya ile imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Ukiihamishia "yeye", nusu ya upweke wake unaimwaga.

Mwl_Fasihi
Kosa la kwanza nionalo kwenye majibu ni kuita kila kitu upweke. Pangeni maneno kwanza. Upweke ni hali ya kuwa peke yako, au kujiona hivyo. Ukiwa ni ule unaobaki baada ya watu kuondoka au kufa, nyumba huwa ukiwa. Kutengwa kuna mtendaji: nani kamtenga, kwa amri gani? Faragha mtu huitaka mwenyewe. Halafu kuna khalwa, mtu kujitenga kwa ajili ya ibada, na huyo hana shida na mtu.

Mfano wa ukiwa mtupu ni utenzi wa kale wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakusema "nina huzuni". Anakutembeza kwenye majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yaliyobaki mahame: makinda ya popo yananing'inia juu, na madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vya kupangia sahani, yamekuwa viota vya ndege. Mwanafunzi akinukuu popo bila daka, amepoteza hoja. Daka ni mahali palipojengwa ili wageni waone. Panapokaa ndege, maana yake wageni hawaji tena.

BintiNgambo
Mimi nafuata milango. Chora ramani ya nyumba kwenye nusu karatasi: nani ana ruhusa ya kutoka, nani ya kuingia, nani anapita kwa siri.

Kwenye Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ramani hiyo inakupa karibu kila kitu. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi. Anayeuleta ulimwengu ndani ni Biti Kocho. Wengi wanamwandika Biti Kocho kwa mstari mmoja, "mhusika mdogo", wakati yeye ndiye ufa wenyewe ukutani.

Ramani ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inakwenda kinyume. Yasmin, binti wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anamkimbia, kwao wanamkataa, na anapokewa na Mwajuma kule Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja. Anatoka kwenye nafasi anaingia kwenye dhiki, na upweke unapungua. Hesabu vyumba, halafu hesabu wanaomuuliza "umekula?" Hesabu hizo mbili hazilingani, na hapo ndipo pa kuandikia aya yako.

Kurasa_Zilizokunjwa
@BintiNgambo hiyo ya "umekula?" naichukua.

Mvita_Kaskazi
Mmesahau jela. Mshairi Abdilatif Abdalla wa Kenya alifungwa kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?" Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kifungoni kati ya 1969 na 1972, kwenye karatasi za chooni, na kitabu kikatoka 1973. Watu husoma "N'shishiyelo ni lilo" wakaishia kwenye msimamo wa kisiasa. Sawa, lakini someni na shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute" (si ile riwaya ya Adam Shafi). Mtu yuko peke yake chumbani, hana wa kusema naye, anatunga ugomvi wa watu wawili, Alii na Badi, wakigombania mnazi. Huyu anatupa hoja, yule anaidaka anairudisha.

Namna ya kulifundisha: lisomwe na watu wawili waliosimama pembe mbili za chumba, mmoja Alii, mwingine Badi, bila kuruka beti. Kisha mtu mmoja alisome lote peke yake kwa sauti moja. Mara ya pili ndiyo inayouma. Kinachoharibu zoezi ni haraka: msomaji akimeza vina vya kati, masikio hayaoni tena kuwa ni majibizano, yanasikia hotuba tu. Na elezeni maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kabla ya kuanza, si katikati.

Sufuria_Moja
Kwa wanaoandika hadithi. Sentensi inayoua ni hii: "Bi. Salama alijisikia mpweke sana baada ya mumewe kufariki." Msomaji ameambiwa, hajaona kitu. Jaribu hivi:

"Bi. Salama alipakua sahani mbili. Akaitazama ya pili, akaurudisha wali sufuriani kijiko kwa kijiko, akaifuta sahani kwa kanga ingawa haikuwa imelowa."

Neno upweke halimo. Kazi yote imefanywa na namba mbili na ule ufutaji usio na sababu. Tendo moja kwa ukurasa linatosha. Ukiongeza mvua, paka na picha ukutani, msomaji anaanza kuhisi anaombwa machozi.

Simu nayo ina mtego wake. Tiki mbili za bluu za WhatsApp bila jibu zilikuwa kali zamani kidogo, sasa kila mtu anaziweka. Afadhali ujumbe unaoandikwa, unafutwa, na kinachotumwa mwisho ni "poa".

Mwl_Fasihi
Nyongeza fupi: tazameni majina ya udugu. Kwenye Peponi ya Gurnah (tafsiri ya Ida Hadjivayanis, 2022), Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake, kwa tajiri Aziz, ambaye Yusuf alizoea kumwita kwa jina la ndugu wa damu. Khalil, kijana anayefanya naye kazi dukani kwa Aziz, anamkata kauli: huyo si ndugu yako, mwite Seyyid. Neno moja limeondolewa na mtoto hana ukoo. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, sisi tunaoita hata konda "mjomba".

Kitabu_na_Kahawa
Kwa wenye vikundi vya kusoma: watu 6 hadi 8, wakizidi 10 wanaongea wanne tu. Dakika 90. Kurasa 15, si kitabu kizima, na aya moja isomwe kwa sauti mwanzoni ili hata asiyesoma awe na la kusema. Swali la kwanza lisiwe "mhusika alihisi nini?" Uliza "katika kurasa hizi nani alipaswa kumsalimu na hakumsalimu?" Majibu yanakuja haraka kwa sababu salamu kila mtu anaijua sheria yake. Dakika ya 60 hivi mazungumzo huhamia kwenye ndoa za majirani. Mwongozaji awe na ukurasa tayari wa kuwarudisha.

Kurasa_Zilizokunjwa
@Kitabu_na_Kahawa kikundi kipya ukianze na kipi?

Kitabu_na_Kahawa
Vuta N'kuvute, sehemu ya Yasmin kufika kwa Mwajuma. Nagona ya Kezilahabi iache kwanza. Ni nyembamba, watu wanadhani wataimaliza jioni moja, na wiki ya pili unabaki na watatu.