Tupeane uzoefu: Walimu tuliohudhuria makongamano ya teknolojia na kuwasilisha mada

Mwanzisha mada (mwalimu wa Fizikia, Dodoma)

Ndugu walimu, habari za majukumu. Tangu kongamano la eLearning Africa liliporejea Dar es Salaam mwezi Mei 2025, baada ya kufanyika hapo mwaka 2011, wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama safari za namna hii zina tija kwa mwalimu wa kawaida au ni za wakubwa wa wizara na wauza programu. Kwa maoni yangu zina tija, ila sehemu kubwa ya tija hiyo humwendea anayesimama kueleza kazi yake mwenyewe.

Nilipohudhuria kama msikilizaji nilirudi na mkoba wa vipeperushi pamoja na ari iliyodumu hadi mitihani ya muhula. Baadaye niliwasilisha mada kuhusu Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo katika kompyuta moja na kuyasambaza darasani bila kuhitaji intaneti, ambayo sisi tuliitumia kwa vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Nilipoonyesha picha ya wanafunzi waliokizunguka kishikwambi kimoja, mwalimu kutoka Zambia aliniuliza kwa upole: "Anayeshika kifaa tunamwona, huyu aliye nyuma ya mabega ya wenzake, unajuaje kwamba ameelewa?"

Swali hilo limenifaa kuliko hotuba zote za ufunguzi nilizowahi kuzisikiliza. Siku hizi mwenye kishikwambi haandiki chochote: anasoma swali kwa sauti na kugusa jibu lile tu ambalo kundi limekubaliana, huku aliyeketi mbali zaidi akichora saketi daftarini, na baada ya kila zoezi wanabadilishana nafasi. Ukipita kati ya madawati utawasikia wakibishana kama ammita iunganishwe kwa mfululizo au sambamba, na mara nyingi anayeshinda hoja ni yule ambaye zamani asingefungua kinywa.

Karibuni, na ninyi mtueleze yenu.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu wa shule ya msingi, Kisumu)

Asante mwalimu kwa kuanzisha mjadala huu. Sisi huku Kenya tulianza kupokea tabuleti za wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2016, na nikapata nafasi ya kueleza uzoefu wetu kwa bango, si jukwaani. Wengi hulidharau bango, lakini mimi nalipendelea. Unasimama kando ya karatasi yako, watu wanapita wakiwa na vikombe vya chai, kila mmoja anakupa dakika chache, nawe unalazimika kuyasema yale yale tena na tena hadi maneno ya ziada yanajiondoa yenyewe. Kufikia jioni niligundua kwamba karibu kila aliyesimama aliuliza kuhusu kuchaji na kufungia vifaa, mambo niliyokuwa nimeyaweka pembeni kabisa kwa herufi ndogo. Katika bango lililofuata nilianza na picha ya kabati letu la chuma na ratiba ya kuchaji, kisha ndipo nikaingia kwenye masomo.

Mchangiaji wa pili (Morogoro)

Nichangie upande wa fedha kwa ufupi. Msidhani kila mwasilishaji huingia bure. Katika makongamano mengi hulipa ada, pengine kwa punguzo. Waulizeni waandaaji kuhusu ufadhili mapema, na barua ya ruhusa kwa mwajiri ipelekwe mara tu mada inapokubaliwa, kwa sababu ikikaa mezani kwa mtu wiki mbili, kongamano halitakungoja.

Mchangiaji wa tatu (mkufunzi wa chuo cha ualimu, Zanzibar)

Naafikiana nanyi, ingawa nina angalizo. Nimekaa katika kumbi ambamo mtu aliyepangwa kuzungumzia ufundishaji alikuwa anauza leseni, na kila swali kuhusu shule zisizo na umeme wa uhakika likajibiwa kwa slaidi nyingine yenye bei. Kwa hiyo huchagua vikao kwa kumtazama msemaji: kama anafundisha, naenda, hata mada ikiwa na kichwa kisichovutia. Wanachuo wangu nao huwasilisha kwanza mbele ya wenzao kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwani anayejua anachotaka kusema hatishwi sana na lugha ya ukumbi. Swali langu kwa mwanzisha mada: ikisari yako, yaani ule muhtasari wa mada unaotumwa kwa waandaaji, uliiandikaje hadi ikakubaliwa?

Mwanzisha mada

Shukrani, mkufunzi. Sentensi ya kwanza ilitaja tatizo la darasa langu, yaani idadi ya wanafunzi na ya vifaa. Zilizofuata zikaeleza tulichofanya, kwa muda gani, na nini kilibadilika. Sifa za programu niliziacha. Rasimu nilimpa mwalimu wa Historia aisome, na kila alipokwama nilipaandika upya. Wito wa mada wa mwakani ukitoka nitauweka hapa, tusaidiane kuhaririana.